Miparachichi Inapodekezwa, Mwenye Nyumba Anakonda

Kwako Bwana Shamba,

YAH: MITI KUPENDELEWA KULIKO MIMI

Natumaini u mzima na feni ya ofisini inazunguka. Mimi ni mume wa yule mama aliyekaa mstari wa mbele kwenye semina yako ya ukame, akaandika kila ulichosema, hata ulipokohoa. Tangu siku ile nyumba yangu haikaliki. Kwa heshima na taadhima, nalalamika hivi:

1. Umemfundisha kufunika udongo chini ya miti kwa majani makavu, ati unyevu usitoroke. Mimi nafagia chini ya miparachichi kila asubuhi, huu mwaka wa ishirini na mbili. Baba mkwe alipouona usafi ule, alinipa binti yake bila maswali. Leo binti huyo huyo ananiambia ufagio unaua miti! Tumegawana shamba, miti ishirini yake, ishirini yangu, dunia ione nani mkulima.

2. Majani yalipomwishia, alifumua godoro langu la nyasi. Sasa miti inalalia godoro, mimi nalalia mkeka.

3. Naoga nikiwa nimesimama ndani ya beseni, na tone halimwagwi ovyo. Jumapili niliambiwa nioge mara ya pili kwa kuwa mti wa saba haujapata maji. Sabuni nimepigwa marufuku. Mti wa saba haupatani nayo.

4. Amepunguza matawi na kuchuma matunda machanga, ati mti usielemewe na mzigo wakati wa kiangazi. Bwana Shamba, nina watoto sita. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeelemewa.

Najua mvua za siku hizi hazina adabu, zinakuja wiki moja na kuondoka bila kuaga. Lakini mti ukibembelezwa hivi, kesho utadai chandarua. Ya kwangu nimeiacha ijifunze maisha.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: ufute semina ile, au unisajili rasmi kuwa mparachichi wa ishirini na moja, upande wa mke wangu. Sitasumbua mtu. Nitasimama pale pale nitakapopandwa.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, na mkeo, ambaye nina hakika naye unamwogesha kwa vipimo.

Ni mimi, mkulima nadhifu kuliko wote kata nzima.

Nyongeza: Barua hii nimeiandikia kivulini upande wa mke wangu, kwani kwangu kivuli kimekwisha. Miparachichi yangu kumi na saba imekauka. Nimechimba kwenye shina la mmoja, jembe likadunda. Naogopa, Bwana Shamba, na mdomo unakuwa mzito kumwomba mke wangu anifundishe. Mitatu bado ina uhai. Usiijibu barua hii, njoo kesho.