Meza ya Mwandu Yawa Hazina ya Mkoa

Wananchi wote wa Bariadi wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu meza zote za michezo zitapumzika saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, ili nguvukazi ya taifa isiendelee kuzama kwenye vishimo. Meza ikikutwa inachezwa muda huo, mmiliki au mwendeshaji wake atapalilia shamba la pamba la ofisi siku saba. Sahihi: Bwana Luhende, Mkuu wa Kitengo cha Mwonekano wa Mji.

Bwana Luhende alilisoma tangazo lake mara tatu, akajipenda. Jumanne saa nne asubuhi alitoka na Salu, mgambo wake, wakamkuta Mwandu ameinamia meza ya snuka, ile kubwa pekee mjini. Mwandu alijieleza vizuri tu: snuka ndiyo ajira yake, Jumamosi ana pambano la ubingwa Mwanza, na bila mazoezi ataenda kuaibika.

"Dada, kazi lazima iwe na jasho," Luhende alimwambia. Feni ya ofisini kwake haikuwahi kuzimwa. Akamsamehe palizi, lakini meza ikabebwa na wanaume kumi na wawili hadi uwanja wa ofisi.

Alhamisi alitarajiwa mgeni mkubwa, na kama ilivyo ada, mawe na mashina ya miti yalipakwa chokaa. Waraka wa Luhende ulisema "vitu vyote vya mviringo vilivyo mbele ya ofisi", na waraka hauulizwi maswali. Salu akaipaka mipira yote ishirini na miwili, kisha akaipanga mezani kila mmoja mahali pa rangi yake, kama alivyozoea jioni akicheza kwa Mwandu.

Mgeni, Dakta Benedikta, mtaalamu wa sanaa kutoka makao makuu, alisimama mbele ya meza ile mpaka chai yake ikapoa. Alisema sanaa ya kisasa ya namna hii hajaiona Kanda ya Ziwa yote. Nani kaiumba?

Luhende hakuwa mtu wa kuacha sifa ilale nje. Alisema ni yeye: kijani ni shamba, weupe ni pamba, na mashimo sita ni changamoto. Mgeni akamwandikia cheti cha kazi hiyo, naye akakisaini papo hapo kama mmiliki na mwendeshaji. Mwandu, aliyekuja kwa mara ya tatu kuomba meza yake, akaambiwa sasa ni hazina ya mkoa, haiguswi.

Mwandu akamgeukia mgeni. Alimwamkia mgeni kwa adabu, akamuuliza kama asingependa kuiona kazi hiyo ikitembea. Mgeni alipenda sana. Luhende akaikamata fimbo kama mpini wa jembe, akasukuma, mpira ukaruka hadi mtaroni. Salu akauokota, na Mwandu akaomba fimbo.

"Nyeusi," alisema, akapiga. Mpira ukazama shimoni, chokaa ikapukutika, Salu akautoa mweusi tii. Akataja bluu, ikatoka bluu. Akataja pinki, ikatoka pinki.

Dakta Benedikta aliangalia saa: saa tano kasoro asubuhi. Akaangalia tangazo ubaoni, halafu cheti.

"Bwana Luhende," aliuliza kwa upole, "mmiliki na mwendeshaji ni wewe, sivyo?"

Luhende alizitazama sahihi mbili, zote zake, zote za kujivunia. Akikana, ameyadanganya makao makuu. Akakubali kwa kichwa, na mgeni, aliyekwisha kumjua mwenye meza, akaagiza irudi kwa Mwandu mchana ule ule.

Jumamosi, Mwandu akiipaka fimbo yake chaki kule Mwanza, Luhende alikuwa kwenye tuta la nne la pamba. Salu, aliyepangiwa kumsimamia, alikuwa amekaa kivulini.

"Pole na kazi, bosi," alisema. "Naona jasho limeanza."