Mguu wa Dada na Tiketi za Bahati Nasibu

Jumatatu, 23 Juni

Barua imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Haikubadilika.

Inatoka kwenye mfuko wa bahati nasibu, ule unaotoa sehemu ya mauzo ya tiketi kusaidia huduma za afya. Kila kata hupata kwa kadiri ya tiketi zinazouzwa humo. Kata yetu imeuza chache mno. Ikiwa hadi Jumamosi saa sita mchana hatujafikia kiwango cha chini, ruzuku ya chumba chetu cha mazoezi ya viungo itahamishiwa kliniki ya macho iliyoko ng'ambo ya reli. Kwa Miwani!

Miwani ni katibu wa kliniki hiyo. Mimi ni katibu wa chumba cha mazoezi. Tulianza ualimu mwaka mmoja. Yeye huandika barua rasmi bila kuweka nukta hata moja, na bado hujibiwa.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa shajara haina mdomo. Kwa nini tiketi haziuzwi? Kwa sababu yangu. Miaka miwili iliyopita nilizunguka kata nzima nikihutubia watu dhidi ya kamari. Hoja saba. Mabango kumi na mawili kwa mwandiko wangu mwenyewe. Katika miaka thelathini na minne ya kufundisha, hiyo ndiyo mara pekee niliyosikilizwa. Watu waliacha!

Nilijua kwamba tiketi hizo ndizo zinazolipa mshahara wa mtaalamu wetu wa mazoezi, ambaye wagonjwa humwita Mnyooshaji. Nilijua. Sikutarajia tu kwamba ningesikilizwa.

Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye, alipata kiharusi mwaka jana. Mguu wa kushoto ulilala kabisa. Sasa huenda hatua sita kwa kushikilia vyuma. Mnyooshaji anasema akiendelea hivi miezi sita, atafika sokoni kwa mkongojo. Chumba kikifungwa, mguu utarudi kulala.

Barua nimeificha chini ya godoro. Dada ameuliza mbona nimekuwa rangi ya chokaa. Nimejibu kwamba ni joto. Akasema joto gani hilo, na nje kunanyesha.

Jumanne, 24 Juni

Sikulala. Kila nilipogeuka, barua ilichakarika chini yangu kama panya.

Mpango wa kwanza. Kununua tiketi kumi, kimyakimya, kisha kuacha habari isambae polepole kwamba Mwalimu amelegeza msimamo. Nilivaa koti la mvua na kofia. Mvua ilikuwa imekatika. Nikapita mbele ya kibanda cha tiketi mara tatu. Mara ya nne mwenye kibanda, tunayemwita Mama Bahati, akapaza sauti: "Mwalimu! Umepoteza kitu, au umetuletea bango jingine?"

Watu watano wakageuka.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nataka tiketi kumi. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, kwa faida ya walioko nyuma. Ana kinyongo, na ana haki. Biashara yake niliimwagia maji mimi.

Akauliza nachagua namba zipi. Nikasema zozote. Akacheka mpaka akashika dirisha. Hata kuku, Mwalimu, huchagua punje.

Matokeo: habari haikusambaa polepole. Kufikia alasiri majirani wawili wamekuja kunipa pole. Wanaamini ugonjwa wa Dada umenivuruga akili. Hakuna aliyenunua tiketi. Mmoja ameniletea ndizi.

Jumatano, 25 Juni

Mpango wa pili. Hotuba mpya.

Nimekwenda kwenye chumba cha mazoezi saa tatu. Ni chumba kimoja tu: dirisha pana, vyuma viwili vilivyosimikwa sambamba, mipira, kamba, kitanda kirefu, benchi la wanaosubiri na harufu ya dawa ya kuchua. Dada alikuwa kati ya vyuma. Mnyooshaji alikuwa akimhesabia kwa ukali kama askari. Nne. Tano. Sita. Jasho lilimtiririka Dada mpaka kwenye kidevu. Akajaribu ya saba. Mguu ukakataa. Akautukana mguu kwa maneno ambayo marehemu mama yetu hakutufundisha.

Nikatazama ukuta kwa muda.

Kisha nikahutubia benchi. Nikawaeleza kwamba tiketi, ukiitazama vizuri, ni sadaka yenye namba. Seremala mstaafu, ambaye nyonga yake ilivunjika, akainua mkono. Akasema samahani, Mwalimu, lakini hoja yako ya tatu ilisema kwamba anayetoa huku akitarajia kurudishiwa mara mia hatoi sadaka, anatega mtego. Kisha akazitaja hoja zote saba. Kwa mpangilio. Pamoja na mifano! Benchi zima likapiga makofi.

Kimoyomoyo nilimpa saba juu ya saba. Nilitoka nikiwa na fahari ya mwalimu, bila kuuza tiketi hata moja.

Je, niwaambie kwamba hotuba yangu ndiyo inayofunga chumba chao? Nikiwaambia, nitapita njia gani kwenda dukani?

Kwenye kivuko cha reli nimekutana na Miwani. Akaniuliza kwa upole kuhusu hali ya chumba. Akasema wao wanafikiria kununua mashine mpya ya kupimia macho, Mungu akijalia. Akatabasamu. Anajua! Ameletewa barua kama yangu. Sijawahi kuona mtu akimsingizia Mungu kwa utulivu kiasi hicho.

Alhamisi, 26 Juni

Mpango wa tatu. Akiba ya mabati.

Paa la jikoni linavuja mahali pawili na nilikuwa nimeweka fedha za kulitengeneza. Nimezichukua zote. Nimenunua tiketi mia moja na ishirini kwa mkupuo mmoja. Hesabu nimeipiga mara tatu: tunavuka kiwango kwa tiketi nne tu.

Safari hii Mama Bahati hakucheka. Alizichana tiketi taratibu, akanitazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama nyumbani ni salama. Akaongeza kwamba yeye ni mfanyabiashara, lakini pia ni mzazi, na kuna watu ambao amewahi kuwafukuza hapo dirishani kwa faida yao wenyewe. Maneno hayo yameniuma kuliko dhihaka ya juzi. Nikamwambia ni za wajukuu. Akasema huna wajukuu, Mwalimu.

Nimezitia tiketi zote kwenye foronya. Mto umekuwa kama tofali.

Tumevuka. Nijitulize.

Ijumaa, 27 Juni

Namba husomwa redioni Ijumaa na Jumamosi, saa nane mchana. Sikukusudia kusikiliza, redio ilikuwa ya jirani. Lakini sikio halina kifuniko. Nikaenda chumbani, nikafungua foronya.

Nimeshinda. Zawadi ya pili! Nimeshinda fedha za mabati ya jiko, ya sebule, na ya jirani mwenye redio!

Furaha ilidumu dakika mbili. Nilitoa barua chini ya godoro ili niifurahie vizuri, na ndipo nilipoisoma aya ya sita. Aya ya sita inasema kwamba kinachohesabiwa kwa kila kata ni salio la mauzo baada ya kuondoa zawadi zote zilizolipwa kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

Kwa maneno mengine, nikilipwa leo, kata inazama. Kwa mkono wangu! Mimi, niliyewachapa wanafunzi wa vizazi viwili kwa kutosoma mpaka mwisho, niliisoma hadi aya ya tano.

Tulia. Dawa ni kutokwenda. Nikae kimya hadi kesho saa sita ipite, kisha nikalipwe saa saba. Kata itakuwa imevuka, na fedha nitakuwa nazo. Mpango bora kuliko yote! Nao hauhitaji chochote isipokuwa kuketi. Tiketi nimeiweka ndani ya kamusi.

Jambo moja halinipi raha. Mama Bahati ametundika kitambaa: ZAWADI YA PILI IMETOKA HAPA. Kufikia saa kumi foleni ilifika kwa fundi viatu. Ndani ya foleni nilimwona Seremala akiwa na magongo yake. Nikamuuliza hoja saba zimekwenda wapi. Akajibu kwamba sasa kuna hoja ya nane: mtu ameshinda.

Kwa upande wa kata, mauzo ni mazuri sana. Najitahidi kufurahi.

Jumamosi, 28 Juni

Saa tatu: tiketi ipo. Saa tatu na nusu: ipo. Saa nne: ipo.

Saa nne na nusu Dada akanituma kwa fundi cherehani kuchukua gauni lake. Nikasema nitakwenda saa saba. Akasema saa saba fundi hufunga. Nikasema basi Jumatatu. Akauliza kama siku hizi hata mguu wangu umelala. Nikaenda mbio. Gauni lilikuwa halijaguswa. Fundi akaniomba nisubiri kidogo, kidogo ikawa saa nzima.

Nimerudi saa sita kasoro dakika tano. Kamusi ilikuwa mezani, imefunguliwa. Ndani hamna kitu.

Dada alikuwa ameketi kando yake, amejifunga kitambaa chake kizuri. Akasema mtu aliyefundisha lugha miaka thelathini na minne hahitaji kutazama neno mara tisa asubuhi moja. Nikamuuliza tiketi iko wapi. Akasema iko mahali pake. Nikamsihi. Nikamweleza habari za barua, kiwango, aya ya sita, vyote, bila kituo, kama anavyoandika Miwani.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema barua aliisoma Jumanne, alipojiburuta na kiti hadi kitandani kwangu, nilipokuwa nimevaa koti la mvua. Aliisoma yote. Hadi aya ya sita.

Mnyooshaji akaingia saa sita na robo akiwa na mkoba. Dada ndiye aliyemwita kwa simu nilipotoka, akamtuma na tiketi kwenye ofisi ya bahati nasibu. Alilipwa saa tano na dakika ishirini. Dada akamwambia, mbele yangu, apeleke mkoba kwa mweka hazina wa kamati ya chumba cha mazoezi, wote, chumba kiendeshwe kwa fedha hizo. Mnyooshaji anasema zitafika miezi kumi.

Nikapiga kelele. Nikasema ruzuku imepotea, ruzuku ya kila mwaka! Imekwenda kwa Miwani! Na zile fedha ni zangu!

"Fedha ni zako," akasema, "lakini mguu ni wangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na hiyo ruzuku yako, mdogo wangu, mwakani utaipata vipi? Utanunua tena mia na ishirini? Au utawafundisha majirani wote wacheze, walale njaa, ili mimi nitembee? Mguu wa namna hiyo siutaki."

Nimekwenda jikoni kutazama mahali panapovuja.

Jumapili, 29 Juni

Miwani ameleta kijibarua cha shukrani. Mistari sita, nukta hakuna. Sijui kama ananishukuru mimi au Mungu, sentensi haikuamua.

Mchana mke wa Seremala amekuja. Hakuja kwangu, alikuja kwa Dada, lakini nilikuwa sebuleni, sikuweza kutoroka. Mumewe ameuza randa yake. Randa aliyorithi kwa baba yake! Amemuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, akanunua tiketi hamsini, haikushinda hata moja. Jana usiku hakula. Mama yule alilia bila sauti, akajifuta kwa ncha ya khanga, kisha akaniomba radhi mimi, eti kwa kunisumbua.

Dada alinitazama tu. Ningependa angenitukana kama anavyoutukana mguu.

Baada ya hapo kamati imekuja nyumbani. Wameomba nitoe tena ile hotuba ya hoja saba, Jumamosi ijayo, uwanjani, kata nzima ialikwe. Kwa unyenyekevu mkubwa nimekubali. Nimeona makosa yangu. Kuanzia leo mimi na kamari mbali mbali, kama mbingu na ardhi.

Jumatatu, 30 Juni

Dada amekwenda hatua nane. Nane! Mnyooshaji amesahau kuhesabu, amepiga mluzi.

Lakini miezi kumi si mingi, na hilo linanikosesha raha. Baada ya miezi kumi, je? Nimewaza tangu alfajiri. Pia kuna tatizo la hotuba: watu sasa wamezoea foleni ya Mama Bahati. Nani atakuja uwanjani kusikiliza maneno matupu?

Nimepata ufumbuzi. Viti vitawekwa namba. Kila kiti kitalipiwa kiasi kidogo, na mapato yataendesha chumba cha mazoezi. Mwisho wa hoja ya saba nitachomoa namba moja kutoka kwenye kofia, na mwenye kiti hicho atapata zawadi. Hii si kamari. Hii ni motisha ya elimu. Dada sijamwambia bado, nasubiri atulie.

Zawadi nimekwisha kuipata. Nimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu nikaikomboa ile randa, nikaifuta kutu, inang'aa.

Viti vinauzwa vizuri. Seremala peke yake amechukua sita. Nimemtia moyo, nimemwambia nafasi yake ni nzuri sana.