Njiwa wa Biti Thelathini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu kaniletea kompyuta mpya. Ile kuukuu kaipeleka kwa watu wa vyuma chakavu, bila hata kuniita tuagane. Nikaitoa programu yangu ya kudarizi kwenye diski ya akiba, nikaihamishia kwenye hii mpya, nikaifungua. Jibu: faili halipo. Halipo! Ninaliona, lina jina, lina uzito. Na Ijumaa Matroni anataka aproni thelathini za wauguzi, kila moja na nembo ya njiwa. Njiwa huyo alichorwa na marehemu mke wangu, mshono kwa mshono, aliyempa jicho linalokonyeza. Hafunguki ila kwa programu hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Miwani, mshindani wangu wa duka la mkabala, kapita kunipa pole. Pole ya fisi kwa mbuzi. Keshamwambia Matroni kwamba atachora njiwa mwingine, wa kisasa, macho yote wazi. Njiwa asiyekonyeza ni kuku tu!

Nikampigia binti. Akasema programu yangu ni ya kizazi cha zamani, biti thelathini na mbili, mashine ni ya kizazi kipya, biti sitini na nne, kwa hiyo inakosa maktaba zake, yaani mafaili ambayo programu huyaegemea ili ifanye kazi. Nisiguse kitu. Keshokutwa atakuja kuziweka za zamani kando ya mpya.

Kando! Wazee tuwekwe kando!

Jumatano, 6 Machi

Tangu lini mkubwa akakaa kando? Mkubwa hupishwa kiti. Maktaba za zamani ninazo kwenye diski ya akiba. Nikachukua ile mama yao, inayoegemewa na kila programu, nikaikalisha palepale ilipokaa mpya. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nina miaka sabini na moja, kitoto cha juzi kinaniuliza uhakika! Nikabonyeza ndiyo.

Kila amri ikagoma. Nikaiamuru ijizime, ikagoma hata kufa. Nikachomoa waya. Kuwasha tena: maandishi meupe, kisha giza.

Miwani alikuwa mlangoni kwake, anafuta miwani ili aone vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Binti kaja na flashi yake. Hakugomba, heri angegomba. Akairudisha maktaba mpya kitini, akaielekeza mashine ipokee na zile za zamani, nazo zikapewa folda yao.

"Baba, hapa hakuna aliyemfukuza mwenzake. Nyumba moja, kila mtu na chumba chake."

Nikafungua programu. Njiwa huyo! Akanikonyeza. Nami nikamkonyeza, binti akajifanya anatazama dirishani.

Ijumaa, 8 Machi

Aproni thelathini, njiwa thelathini, wote wakonyezaji. Matroni kacheka, kazibeba. Nilisimama mlangoni nikamkonyeza Miwani kwa niaba yao.

Binti kaniuliza nimejifunza nini. Nikasema mengi, akaondoka ameridhika. Na kweli kosa langu nimeliona: nilimwinua kitini kijana mmoja tu, ile maktaba mpya, wenzake wakagoma kwa ajili yake. Sasa printa yangu kongwe nayo haitambuliwi humu. Nawainua vijana wote kwa mpigo, wazee wakae.

Mashine inauliza tena kama nina uhakika. Haina adabu, hii.