Salama Tu, Dakika ya Sita

Jamani, nimeaibika leo. Tena kabla ya chai ya saa nne.

Mnajua mimi ni karani wa fomu za bima kwenye kliniki ya moyo hapa Mwanza. (Muda unaobaki ni mwandishi wa riwaya. Sura ya tatu, mwaka wa pili.) Kazi yenyewe rahisi. Mgonjwa anabandikwa waya kifuani, anatembea juu ya mashine, mashine inazidi kuinuka na kwenda kasi, daktari anatazama mistari ya moyo. Mimi kila dakika tatu namuuliza, "Unajisikiaje?" na kuandika jibu. Kipimo kikisimamishwa, naandika sababu. Basi. Mtoto wa darasa la nne anaweza.

Asubuhi kaja Mwalimu Minza, mstaafu kutoka Butimba. Kifua kinamsumbua kila akipanda mlima kwenda kwake. Daktari alishamweleza: kipimo kikionyesha tatizo, kesho anapigwa picha ya mishipa ya moyo, ila lazima bima ikubali kwanza. Alikuja na mkoba wa nguo kabisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sasa, chumba kile kina dirisha. Na dirisha lina ziwa. Maji yalikuwa yametulia kama shuka ambalo hakuna aliyelilalia. Kisiwa kidogo cha magugumaji kilikuwa kinaelea polepole, na juu yake ndege mweupe, kasimama wima kama abiria aliyelipa nauli. Miamba ilikuwa inaingia rangi ya asali. Mimi ni nani nisitazame?

Dakika ya tatu. "Mwalimu, unajisikiaje?"

"Salama tu."

Nikaandika: salama. Macho dirishani.

Dakika ya sita. "Mwalimu, unajisikiaje?"

"Salama tu... sijui ninyi."

Nikaandika vilevile: salama, sijui ninyi. (Yeye alikuwa ameshika kifua. Mimi nilikuwa nimeshika mkia wa sentensi nzuri.)

"Tosha! Simamisha!" Daktari huyo. Mwalimu akakalishwa, akawekewa dawa chini ya ulimi, rangi ikamrudia. Nami nikafika pale pa sababu ya kusimamisha, na mkono ukaandika wenyewe. Daktari ana foleni hadi getini. Akasaini bila kusoma. Nikatuma.

Saa tatu na nusu simu ikaita. Bwana wa bima. Daktari alikuwa anavaa glovu, akaiweka spika. Mwalimu yuko kwenye benchi. Wagonjwa wanne wako mlangoni.

"Daktari, mgonjwa wenu dakika ya tatu yuko salama. Dakika ya sita yuko salama, hajui sisi. Halafu mkasimamisha. Na sababu mmeandika..." Akakohoa. Akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "'Mashine imenyamaza. Mama ametazama ziwa, nalo ziwa limemtazama. Nani kati yao amechoka, maji peke yake yanajua.'"



"Amina," mtu mmoja akasema mlangoni.

"Daktari, hayo maji hayana bima kwetu. Ombi la picha tumelikataa."

Mungu wangu! Nilitamani nikae na yule ndege.

"Nani kaandika insha hii?" Mwalimu akauliza.

"Mimi, mwalimu."

"Simama."

Nilikuwa nimesimama. Nikasimama zaidi.

"Uliniuliza nini?"

"Unajisikiaje."

"Sasa mtu akikusalimia utamwambia unakufa? Nilisema moyoni, binti huyu ana adabu, anasalimia kila baada ya muda!"

Mlangoni wakaangua kicheko. Mwalimu akaigeukia simu. "Baba, hujambo?"

"Sijambo. Eh... shikamoo, mama."

"Marahaba. Kifua kilibana, mkono wa kushoto ukaingia ganzi, ndipo daktari akasimamisha."

"Na mistari ya moyo ilibadilika," daktari akadakia. "Ninayo hapa."

"Basi andikeni hivyo, mtume upya," sauti ikasema.

Mwalimu akaninyooshea kidole. "Andika. Kifua kilibana. Nukta. Mkono uliingia ganzi. Nukta." Nikaongeza kitu. Akachungulia. "Hiyo koma ya nini? Futa! Moyo wangu hauna muda wa koma."

Nikafuta, mbele ya watu wote. Safari hii daktari akasoma mara mbili ndipo akasaini.

Nusu saa baadaye simu ikaita tena: wamekubali. Mwalimu akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, akauvuta mkoba wake karibu.

"Ila ile ya kwanza msiifute," bwana wa bima akaongeza. "Huku ofisini wanauliza ziwa lilijibu nini."

Naombeni msicheke. Na siku mkipandishwa kwenye mashine ile mkaulizwa mnajisikiaje, wekeni adabu kando, semeni panapouma.