Alama ya Kuuliza Msalabani kwa Mama Mkubwa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya jeneza. Tena si jeneza la mtu baki. La mama yangu mkubwa.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu: naandika programu za kuchapisha ripoti za shule, hapa Busia upande wa Kenya. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa mwalimu kule Nabuyoga, Tororo, ng'ambo ya mpaka. Mwalimu Perpetua Achieŋ. Iangalieni hiyo herufi ya mwisho, ile n yenye mkia. Inatamkwa kama ng' ya ng'ombe. Maisha yake yote aligombana na makarani kwa ajili yake. Wakimwandika Achien, anarudisha fomu. "Huyo Achien simjui. Mtafuteni, mkimpata mumpe."

Alipofariki juzi, ukoo ukanigeukia. "Wewe wa kompyuta, tutengenezee karatasi za ibada."

Mtu mwenye akili angefungua Word, akaandika, akamaliza. (Mimi ni programa. Sisi hatumalizi mambo kirahisi.) Nikachukua programu yangu ya ripoti, nikaipa wasifu wake na nyimbo za Kidhopadhola, lugha ya ukoo wetu, nikaiambia itoe PDF, faili tayari la kuchapwa.

Sasa nisikilizeni. PDF ina fonti chache, yaani mitindo ya herufi, za kuzaliwa nazo, Helvetica na wenzake. Ukizitumia, huna haja ya kupakia fonti nyingine ndani ya faili. Faili linakuwa jepesi, linafunguka hata kwenye kompyuta iliyochoka ya cyber, duka la intaneti. Ndiyo maana nazipenda. Ila zinajua herufi za Wazungu tu, tena si Wazungu wote. Na ŋ hazijawahi kukutana. Zamani programu yangu ilikuwa inagoma kila ikikuta herufi ngeni, basi nikaiandikia mstari mmoja wa amri: usiyoijua, weka alama ya kuuliza, songa mbele.

Nikajipongeza. Nikasahau.

Asubuhi nimefungua ukurasa wa kwanza kwenye simu. Nikaiona picha yake, anacheka, kavaa kitenge chake cha bluu. Macho yakajaa maji, maneno sikuyasoma. Nikalituma faili kwa mtu wa cyber na kwa fundi wa msalaba. Nakala mia mbili! Nimevuka mpaka nimezikumbatia, watu wananipa pole, nami najiona mtoto wa maana.

Ibada ikaanza. Kwaya ilitoka Lunyo, kwa kina mume wa mama mkubwa, Wasamia watupu. Kidhopadhola hawakijui, wanaimba wanachokiona. Kila baada ya maneno machache wanasita, wanatazamana, wanaendelea. Wimbo ukawa na kwikwi. Nikadhani ni uchungu. (Nikawahurumia, kweli!)

Kisha akasimama shemeji wa marehemu, ndiye aliyekuwa anaongoza ibada kabla padri hajafika, na husoma kila kitu kama kilivyoandikwa. Akaiinua karatasi.

"Tumekuja kumuaga mpendwa wetu, Mwalimu Perpetua Achie?"

Sauti ikapanda mwishoni, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Mzee mmoja huko nyuma akajibu:

"Kwani hamna hakika? Si mfungue muangalie!"

Watu wakacheka, halafu wakaona haya kwamba wamecheka. Nikafungua karatasi yangu. Achie? Ukurasa wa pili, Achie? Nyimbo zote zimejaa maswali kama mtihani.

Kando yangu alikuwa Mjomba Owor, mdogo wa marehemu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Dada yangu amekufa na jina lake. Nani amemfanya swali?"

"Ni kompyuta, mjomba."

"Kompyuta ni ya nani?"

Nikaikunja karatasi yangu, nikaikalia.

Nikajipa moyo. Karatasi ni karatasi, zitafungiwa chumvi, mwezi ujao hakuna atakayekumbuka. Tukaenda kaburini. Fundi akauleta msalaba, mweupe, rangi nyeusi bado inanuka.

PERPETUA ACHIE?

Na ile alama alivyoichora vizuri! Ameiwekea hata kivuli!

Mama akatoa ukelele ambao hakuutoa hata hospitalini. "Fundi! Hii ni nini?"

"Mama, mimi nafuata karatasi," fundi akasema, kofia mkononi. "Mtoto yako anatuma, mimi nachora. Nilidhani ni mambo ya dini."

Jeneza liko kwenye kamba. Padri anatazama mawingu. Fundi akachukua kisu, akaanza kuikwangua ile alama, kru, kru, kru, na watu mia mbili wanasikiliza. Alipomaliza akanigeukia.

"Sasa naweka nini?"

Nikapiga magoti kwenye udongo uliotoka kaburini, na gauni langu jeusi, nikaichora ile ŋ kwa kidole. Mkia ukaenda upande. Nikafuta. Nikarudia, ukaenda upande tena. Mjomba Owor akainama, magoti yake yakalia, akanishika kiganja. Tukaichora pamoja, polepole. Nilihisi tone la maji juu ya mkono wangu, na mvua haikuwa inanyesha.

"Kumbe ni n na mkia!" fundi akasema. "Si ungesema?"

Akaipaka. Rangi ikachuruzika kidogo, mkia ukawa mrefu kuliko kawaida. Ndipo wakamshusha.

Tuliporudi Busia, mlangoni tu, mama akasema, "Dada yangu angecheka sana. Halafu angekupa kazi ya kuandika mara mia." Akaingia chumbani, akajifungia.

Nami nimekaa hapa. Nimeufuta ule mstari. Nimeweka fonti inayoijua ŋ, nimeipakia yote ndani ya faili. Faili limenona, linachelewa kutumwa, na liwe zito tu. Nimechapisha nakala moja. Nimeisoma mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti, peke yangu.

Basi kama ni lazima mcheke, chekeni leo mmalize. Kesho naanza kulia vizuri. Leo aibu haikunipa nafasi.