Kamera Sita na Ajali Moja

Siku Wakili alipogundua kwamba kovu lina bei kuliko ngozi nzima, alikuwa amekaa mgahawani akinywa chai ya mtu mwingine. Mwenye chai alikuwa ameinuka kwenda kutazama kamera. Mgahawa mzima ulikuwa umeinuka. Mpiga picha mmoja wa harusi aliweka mezani kamera zake mbili, moja mpya inayong'aa, nyingine kuukuu, imebonyea ubavuni kama iliyopigwa teke na punda. Ile mpya hakuna aliyeiangalia.

"Hii ilianguka kutoka ghorofa ya tatu," alisema mpiga picha, "na bado inapiga."

"Wacha we!" watu wakaitikia, na mama mmoja akaomba aiguse tu, hata kwa kidole kimoja.

Wakili alimaliza chai, akaramba kijiko, akaondoka na wazo.

Inafaa ijulikane mapema kwamba Wakili hakuwa wakili. Mahakamani hakuwahi kuingia kwa hiari yake. Jina alipewa mtaani kwa heshima ya ulimi wake, ambao uliwahi kumuuzia kinyozi mashine yake mwenyewe ya kunyolea. Lakini mtaji wake hasa ulikuwa uso. Ulikuwa uso wa kawaida, wa adabu, usiokaa kichwani mwa mtu. Waliolizwa naye walipoulizwa yukoje, walifikiri sana, kisha wakasema ana pua. Kwa hiyo Wakili alijiwekea sharti moja tu maishani: hapigwi picha. Hata kwenye picha ya harusi ya dada yake, kilichoonekana ni mkono wake na sahani. Alijua kwamba siku uso huo ukitundikwa mahali popote, kazi imekwisha, na nusu ya mji itakuja kumtafuta na fimbo.

Dada yake huyo aliolewa na fundi kamera. Karakana ya Fundi ilikuwa chumba nyuma ya duka la dawa, upana wake kitanda na nusu, rafu zimejaa kamera za mkanda ambazo wenyewe walizisahau tangu simu zilipoanza kupiga picha.

"Shemeji," Wakili alimwambia, "hizi umezitunza mno. Ndiyo maana haziuziki."

Fundi, aliyeyatoa maneno kama mtu anayeyalipia, aliinua jicho. "Unataka nini?"

"Kamera sita. Na nyundo."

"Zikivunjika?"

"Utazitengeneza. Kamera iliyokufa ni takataka, shemeji. Iliyonusurika ni shujaa."

Kazi ilichukua siku mbili. Wakili alitwanga kwa nyundo. Alichoma. Moja aliifunga nyuma ya mkokoteni, ikaburutwa mpaka sokoni na kurudi, yeye akikimbia nyuma akiishangilia. Nyingine aliichemsha mpaka dada yake akatokea mlangoni amejishika kiuno.

"Kaka! Sufuria langu!"

"Dada, vumilia. Hii ni sanaa."

Kila kipigo kilipoisha, Fundi aliichukua kamera, akaifungua, akanyoosha kilichopinda, akatia mkanda na kuipima kwa chochote kilichokuwa mbele yake: kacha, kacha. Kwa miaka thelathini hakuwahi kumkabidhi mtu kamera bila kuipima, na mkanda wa kupimia hakuutoa. Aliuacha ndani ili mteja amalizie picha zilizobaki, zawadi ya karakana. Na chumba kile kilivyokuwa kidogo, kilichokuwa mbele ya Fundi muda wote ni Wakili. Wakili mwenyewe hakusikia kitu. Alikuwa akitwanga huku anatunga hadithi, na mtu hawezi kufanya mambo matatu.

Mteja alikwishamchagua. Mjini palikuwa na hoteli mpya yenye ukumbi mkubwa mtupu, na mwenyewe, Mama Hoteli, alikuwa akitafuta kitu cha kuwafanya wageni wakae wanunue soda. Alikuwa mwanamke wa kuhesabu vijiti vya meno. Wakili alimpangia kamera mezani juu ya kitambaa cheupe.

"Hii," alisema kwa sauti ya msibani, "ilianguka kutoka ghorofa ya nne pamoja na mpiga picha wake."

Mama Hoteli alishika kifua. "Akapona?"

"Alitua juu ya keki ya harusi, mama. Yeye mzima. Keki ndiyo hatunayo."

"Na hii iliyoungua?"

"Hii iliokoa watu kwenye moto."

"Kamera?"

"Ilirushwa ikapasua dirisha, watu wakapata pa kutokea. Bila hii, mama, roho saba..." Akatazama sakafu.

Mama Hoteli alifuta jicho moja. La pili lilikuwa linakagua bidhaa. "Hii ina mbonyeo mdogo. Punguza."

"Majeraha yake ni ya ndani, mama."

Alizinunua zote sita. Wakili alitoka akipiga mluzi, na mlinzi wa getini akampigia saluti.

Wiki ya tatu mlinzi yuleyule alimkuta Wakili barabarani amevaa viatu vipya. Mama anakuhitaji, alisema, ana shida na kamera nyingine. Wakili hakuuliza mara mbili. Njiani alikwishatunga habari za kamera iliyomezwa na mamba.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu, wote wametazama ukutani. Akajipenyeza. Kamera sita zilikuwa ndani ya makabati ya kioo, na juu ya kila moja picha kubwa kama mlango. Katika ya kwanza mwanamume katoa ulimi, nyundo iko hewani. Ilimchukua muda kumtambua, maana mara ya mwisho kujiona pichani alikuwa shuleni. Katika ya pili mwanamume huyohuyo anapuliza moto chini ya sufuria. Chini ya zote yaliandikwa maneno mawili: AJALI YENYEWE.

Alijifunika uso kwa kiganja, akageuka mbio, akagota kifuani kwa Mama Hoteli.

"Karibu, baba. Unasubiriwa."

"Mama, naweza kueleza."

"Usieleze. Ukieleza nitanunua tena." Akamvuta pembeni. "Nilikuta mikanda haijaisha. Mimi kitu cha bure sikiachi, nikawapiga picha wajukuu zangu. Nikaipeleka kusafishwa kwa fundi pekee aliyebaki mjini."

"Shemeji!" Wakili aliguna.

"Mtu mwaminifu sana. Alinipa kila picha. Nilipoziona nililia, baba, nililia kweli. Kisha mgeni mmoja akaziona mezani, akacheka mpaka akaongeza siku mbili za kukaa. Nikafuta machozi. Sasa chagua. Niite polisi, au kila Jumamosi saa tisa alasiri uje uponde kamera mbele ya wageni. Nitakulipa kama ninavyowalipa wafagiaji."

"Na zikishapondwa?"

"Fundi atazitengeneza, nami nitaziuza. Picha yako ndiyo cheti. Bei mara tatu ya ile uliyoniuzia."

Wakili alimtazama kwa heshima ya dhati. "Nusu kwa nusu, mama."

"Kituo cha polisi kiko hapo kona."

"Jumamosi saa tisa," alisema Wakili.

Jumamosi alifika na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mama Hoteli akaivua. Wakili alipoinua macho, mstari wa mbele alikaa mshona suti aliyemliza mwaka jana, amekunja mikono. Wakili alipiga huku akimtazama yeye, nyundo ikakosa kamera ikapata kidole gumba. Watu wakaangua kicheko.

Onyesho lilipokwisha, mshona suti alimwendea, akamtazama kuanzia paji mpaka kidevu. Wakili akafumba macho kusubiri ngumi.

"Hongera, ndugu. Unaigiza vizuri. Umenikumbusha tapeli mmoja."

Wakili alifumbua jicho moja. "Kuigiza?"

"Tunajua, haya ni maigizo ya hoteli, na picha pia. Mnadhani watu wa siku hizi wanadanganyika? Ila yule tapeli wangu humfikii, nikwambie ukweli. Yule alikuwa na akili. Asingekubali kupigwa picha kizembe hivyo."

Hapo mtu mwenye busara angeshukuru, akachukua kofia yake, akaenda nyumbani. Uso ulikuwa umetundikwa ukutani na bado umepona! Lakini Wakili aliumia. Aliumia kuliko kidole. Miaka yote ya kazi, halafu aambiwe hajifikii mwenyewe?

"Ni mimi!" alifoka. "Majora matatu ya kitambaa cha suti! Juu kitambaa, ndani magazeti! Nilikwambia mwenyewe kafiwa anauza haraka, ukanipa na nauli! Ni mimi!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mshona suti ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, machozi ya kicheko yakimtoka. "Wameulizia mpaka habari zangu za kutapeliwa!" aliwaambia majirani zake. "Huyu ni msanii, jamani!"

Mama Hoteli akasogea, akamnong'oneza Wakili sikioni.

"Hilo la mwisho wamelipenda, baba. Uwe unalisema kila Jumamosi. Mshahara ni uleule."