Pikipiki Isiyoshukika

Omurushaka, Jumatatu, 4 Julai 1955

Nimeamua. Nanunua pikipiki. Sijamwambia mtu ila dada Verdiana, naye ameendelea kumenya ndizi kana kwamba nimesema nanunua chumvi.

Sababu ni moja tu: Kemilembe, binti wa Mzee Rwegoshora wa Rugera. Tunamtaka wawili. Mimi Melkiory, karani wa mizani kwenye ghala la kahawa, mtu wa kalamu. Na Cassian, fundi cherehani wa baraza ya jirani, mtu wa miguu. Hana kingine, miguu tu. Akisimama mlangoni kwangu ghala zima linaingia giza. Ana baiskeli pia, yenye kengele, ambayo huipiga hata barabara ikiwa tupu. Mzee amesema jibu atalitoa Jumapili ya tarehe 17, akishatutazama vizuri.

Kututazama! Hapo ndipo penye shida. Mimi si mfupi, ni watu wa huku waliozidi. Lakini juu ya pikipiki kila mtu amekaa, na aliyekaa hapimwi. Nashangaa sikuliona hili mapema.

Jumanne, 5 Julai

Dukani kwa Ndyamukama, mfanyabiashara aliyetoka Muleba. Pikipiki ziko mbili, zimeshatumika, zimeletwa na lori kutoka Bukoba. Moja nyekundu, ndogo, kiti chake kiko chini. Nyingine nyeusi, kubwa, tangi kama tumbo la ng'ombe. Ndyamukama akanieleza, bila kuulizwa, kwamba kwa mtu wa kimo changu jambo la kwanza ni miguu. Ukae, nyayo zote mbili zikanyage chini, ndipo uulize habari za injini. Kimo changu!

Nikaikalia nyekundu. Nyayo zikafika chini, visigino na vyote. Nilionekana kama mtu aliyekaa kigodani. Nikaikalia nyeusi. Miguu ikaning'inia. Lakini kichwa! Kichwa kilipita rafu ya sabuni. Sikujua kuna vumbi kiasi kile juu yake.

Hapo akaingia Kemilembe kununua mafuta ya taa. Akazitazama zote mbili, akasema nyekundu ni nzuri, maana mtu ataweza kusimama. Nikamjibu kwamba pikipiki hainunuliwi ili isimame. Akacheka. Nadhani nilimvutia.

Nimenunua nyeusi. Akiba yote imekwenda. Ndyamukama amesema nikijuta, maadamu nyekundu bado ipo, atanibadilishia. Kujuta!

Alhamisi, 7 Julai

Dereva wa lori la Ndyamukama amenifundisha gia. Napanda nikitokea kwenye kichuguu cha nyuma ya ghala. Injini inanguruma, mbuzi wanakimbia, moyo wangu unakimbia. Kuendesha ni rahisi kabisa! Kusimama ndiko kugumu kidogo. Nikisimama naegemea upande, na upande huo hauna ardhi karibu. Nimeanguka mbele ya ghala, mbele ya kisima na mbele ya Cassian.

Lakini nimepata dawa. Nasimama penye kitu tu. Kichuguu cha ghalani, jiwe la njia panda ya kanisa, rundo la kuni la Verdiana. Kwingine kote napita. Leo nilitaka kwenda kunyolewa, lakini kwa kinyozi hakuna hata tofali, kwa hiyo nimerudi na nywele zangu. Cassian alisimama barazani na kuniuliza, kila nilipopita, kama nakwenda au narudi. Wivu.

Jumapili, 10 Julai

Nilimpa kazi Kashaija, fundi viatu. Ameongeza viatu vyangu soli za tairi la lori, tabaka juu ya tabaka. Miguu sasa inafika chini! Ila mguu haujui tena kama umekanyaga breki au hewa. Hilo ni la kuzoea.

Nikavivaa kanisani, kwa kuwa Kemilembe angekuwepo. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona padri badala ya migongo ya watu. Misa ilikuwa nzuri sana hadi tulipokwenda kupokea komunyo. Soli ya kushoto ikang'oka, ikabaki katikati ya kanisa. Nikaendelea mbele, mrefu kulia, mfupi kushoto, uso wangu umetulia. Baada ya Misa Cassian akaniletea soli yangu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaniuliza mbele ya Kemilembe kwa nini nimerefuka upande mmoja.

Nimevirudisha kwa Kashaija. Amesema atanitunzia. Nimemwambia sitavihitaji tena.

Jumanne, 12 Julai

Akili mpya. Kama miguu haishuki, kiti kishuke! Nimeng'oa springi zote za kiti na kuweka gunia la kahawa lililokunjwa. Ncha za vidole zikagusa chini. Nikaimba.

Kisha nikaenda Kibingo kwa kazi ya chama chetu cha kahawa. Barabara ya Kibingo ina mawe. Kila jiwe nimelifahamu.

Naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi. Verdiana amenikanda kwa maji ya moto na kuniuliza kwa nini nisichukue ile nyekundu. Nimerudisha springi. Kuhusu nyekundu, nimemwomba aongeze maji ya moto.

Alhamisi, 14 Julai

Siku mbaya.

Nilikuwa njiani kwenda Rugera, mwendo mzuri, kifua mbele. Kwenye kona nikamwona Mzee Rwegoshora na wenzake wawili wanatoka msibani, fimbo mkononi. Kila mtu wa huku anajua la kufanya. Unashuka. Hata Cassian, mtu asiye na haya, akimwona mzee hushuka baiskeli angali mbali, huikokota, huinama ndipo huamkia. Mzee haamkiwi kutoka juu ya kiti, sembuse mzee ambaye unamtaka binti yake.

Nikatafuta kichuguu. Hakuna! Jiwe hakuna. Nikapita huku nasema shikamoo, waitu, neno letu la kumheshimu mkubwa. Mzee hakuitikia.

Nikaona nirudi niombe radhi. Nikageuza mbele, nikaja polepole, mguu ukatafuta ardhi ukaikosa, nikaongeza moto nisianguke. Nikapita tena. Shikamoo ya pili. Nikageuza tena. Mara ya tatu wale wenzake walikuwa wamejiondoa barabarani, lakini Mzee alisimama palepale, akiniangalia. Alilazimika kuinua uso ili anione. Mimi, nimtazame Mzee Rwegoshora kutoka juu! Juma lililopita ningelipa kitu nipate nafasi hiyo. Leo nilitamani kufa.

Nikakosa kona. Nikaingia kwenye kibanja, nikapita juu ya mikeka ya kahawa iliyoanikwa, nikasimamishwa na mgomba wenye mkungu. Mgomba umeanguka. Kibanja ni cha Mzee.

Jumamosi, 16 Julai

Kemilembe amekuja ghalani na kahawa ya mama yake. Nilijificha nyuma ya mizani. Aliniona, mizani yetu si kubwa.

Akanieleza, bila kucheka, kwamba baba yake amesamehe kahawa na amesamehe mgomba. Shikamoo tatu za juu ya kiti hajazisamehe. Amesema kijana asiyeweza kumshukia mzee barabarani atamshukia nani nyumbani? Hata hivyo kesho atanisikiliza. Nikaanza kueleza habari za vichuguu. Akanikatiza.

"Melkiory, njoo na ile ndogo, au njoo kwa miguu. Mimi sijawahi kukupima."

Akachukua kikapu chake akaenda. Nilisimama pale hadi mkulima aliyekuwa akingoja akauliza kama mizani imeharibika. Sijawahi kuambiwa neno kama hilo. Nilipangusa macho kwa gunia, na vumbi la kahawa likanitoa machozi zaidi.

Amesema kweli kabisa. Lazima nishuke kwa adabu. Kwa hiyo nimepata mpango.

Baadaye: Nimechagua gogo zuri kwenye kuni za Verdiana, nimelibeba begani hadi Rugera, nimeliweka langoni kwa Mzee, upande wa kushoto. Hakuna aliyeniona. Kesho nitafika kwa nyeusi, nitakanyaga gogo, nitashuka kama bwana. Verdiana ameuliza: kama nimefika Rugera kwa miguu nikiwa na gogo, nashindwaje kufika kesho bila gogo? Mwanamke mwema, lakini mambo haya hayajui.

Jumapili, 17 Julai

Nilifika saa ya chakula, koti limepigwa pasi. Langoni hakuna gogo!

Nikaingia uani. Gogo nikaliona. Mzee Rwegoshora alikuwa amelikalia. Alikuwa ameliokota asubuhi, akalipenda, akalifanya kiti. Wazee wengine walikuwa kwenye mkeka pembeni yake, na Cassian amepiga magoti mbele yao, mnyenyekevu, suruali safi.

Nikazunguka ua. Ningefanya nini? Nikazunguka tena. Kuku wakapanda juu ya paa la jiko. Kila nilipompita Mzee niliinamisha kichwa na kufunga mdomo, maana shikamoo ya nne ingenimaliza. Kemilembe alitoka jikoni, akaniona, akajifunika uso kwa kanga. Nilizunguka hadi petroli ikaisha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Pikipiki ikalala upande mmoja, mimi nikarushwa upande mwingine, nikatua kifudifudi, mdomo vumbini, mbele ya miguu ya Mzee.

Nikasema shikamoo nikiwa hukohuko.

Mzee akacheka hadi fimbo ikamwanguka.

"Marahaba," akasema. "Tangu nizaliwe sijaamkiwa kutoka chini namna hii."

Akaniinua mwenyewe. Akanipa kahawa ya kutafuna kutoka mkononi mwake, na mtu akipewa hiyo si mgeni wa kufukuzwa. Cassian alikwisha kupewa, lakini yake ililetwa na mtoto wa jirani. Kisha Mzee akatoa uamuzi mbele ya wote: binti amesema anamtaka mfupi, naye hana neno, kwa sharti moja. Nisikanyage tena ua wake juu ya ile nyeusi. Jumapili ijayo nije nimeshuka tangu barabarani, niamkie kama watu, ndipo tuzungumze habari za posa.

Nikaapa. Kemilembe aliniangalia na kutikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. Nimerudi nyumbani nikikokota pikipiki, na sikuhisi uzito wake hata kidogo.

Jumanne, 19 Julai

Nimempelekea Ndyamukama nyeusi anibadilishie. Hakunisubiri! Nyekundu ameinunua Cassian jana. Nimemwona akipita. Magoti yako masikioni. Maskini, mtu akinunua chombo asijue kimo chake, huwa hivyo. Nilimhurumia kwa dhati.

Ikabaki kwenda kwa miguu Jumapili. Nilikuwa nimeshakubali. Lakini nyuma ya duka, karibu na mapipa, kuna lile lori la zamani la Ndyamukama. Linauzwa! Nyeusi itahesabiwa kama malipo ya mwanzo. Nimelichunguza kwa makini, sikurupuki tena. Lori lina magurudumu manne, haliegemei upande. Na mlangoni, jamani, lina ngazi! Mtu anashuka kwa heshima, hatua kwa hatua, popote, hata mbele ya mzee. Kiapo changu kilihusu pikipiki. Lori halikutajwa.

Nimelikalia. Barabara inaonekana vizuri katikati ya usukani. Miguu haifiki sawasawa kwenye breki, lakini Kashaija bado ana vile viatu. Nimepita kwake jioni hii kuvichukua. Jumapili Mzee atafurahi.